Ubao wa pedali wa vipande: miezi minane jukwaani

Kwa miaka minne pedali zangu za gitaa, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadili sauti, zilikaa kwenye plaiwudi niliyochongewa na fundi wa Keko. Imara, ila nzito kama mlango. Iwe harusi ya watu hamsini au bonanza la uwanjani, nilibeba mlango huohuo ndani ya bajaji, magoti yakigusa kidevu. Siku nilipomwona mpiga rizimu wetu anafungua ubao wake wa alumini na kuondoka na nusu tu, wivu ulinikaba.

Nikanunua vipande viwili. Kila kimoja kina upana wa sentimita 30, na vinaunganishwa ubavuni kwa skrubu nne. Jina la kampuni naliacha, maana nina lawama.

Lawama ya kwanza ni yangu mwenyewe. Pedali ndogo ya kampuni ya Boss ina upana wa milimita 73. Nne ni 292, nikajua zitaenea mstari mmoja kwenye 300. Nilichosahau ni kwamba jeki za waya zinachomekwa ubavuni, na hata zile bapa zinataka nafasi kati ya pedali na pedali. Zilikaa tatu, ya nne nikaipandisha mstari wa juu. Mwenye Cry Baby, ile pedali ya wah ya kukanyaga mbele na nyuma, ndiyo apime kabisa kabla ya kulipa, kwa sababu ile peke yake ina urefu wa karibu sentimita 25.

Ya pili ni ya kiwanda: skrubu zinalegea. Spika za besi zinatetemesha jukwaa usiku kucha, na wewe unakanyaga. Mwezi wa tatu, sebene limechanganya, nikabonyeza dilei (pedali ya mwangwi), kiungo kikabonyea na waya mfupi unaovuka pale ukachomoka. Solo kimya! Mpiga rizimu, Mungu ambariki, akajaza pengo kama vile tulipanga. Kesho yake nikaenda duka la vifaa vya ujenzi nikachukua nati zenye pete ya plastiki ndani. Hazijalegea mpaka leo. Ule waya nao nimeuachia ulegevu kidogo.

Wengi wananiuliza kama kelele zimepungua. Ubao hauondoi kelele, jamani. Zamani adapta moja ya volti 9 ililisha pedali zote kwa waya wa matawi, na dilei ya dijitali ikawa inapenyeza mlio mwembamba kama wa mbu, ukiwasha Tube Screamer, pedali ya kukwaruza sauti, ndiyo unasikika mpaka nyuma ya ukumbi. Mbu huyo aliondoka nilipofunga chini ya ubao pawasaplai ambayo kila tundu lina umeme wake. Na usiazime adapta ya rauta kwa sababu tu ncha inaingia. Pedali nyingi hasi iko katikati, za rauta kwa kawaida katikati ni chanya.

Utepe wa kunata uliokuja nao haufai. Kwa joto la Dar gundi ililainika na tyuna, pedali ya kupatanisha nyuzi, ikaanza kutembea yenyewe. Nimeweka mwingine, basi.

Harusini sasa nakwenda na kipande cha kushoto tu: tyuna, Tube Screamer, na korasi ya kunenepesha sauti. Kinaingia kwenye begi la mgongoni na napanda nacho mwendokasi. Vipande vyote viwili navibeba bendi nzima ikipiga. Ile plaiwudi ya Keko mke wangu amefunikia pipa la maji.