Tathmini ya Huduma: Mbunge Akiugua, Kiti Chake Hujazwaje Kenya?

Wengi wetu hupima huduma za serikali kwa foleni ya kitambulisho au ya pasipoti. Ipo huduma nyingine ambayo kila mpiga kura wa Kenya ameilipia kwa kodi yake, na ambayo hajui inavyofanya kazi hadi siku anaposikia kwamba mbunge wake amelazwa. Ni huduma ya kujaza kiti kilicho wazi. Watoaji wake ni watatu: Spika, ambaye hutangaza kwamba kiti ki wazi, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, yaani IEBC, ambayo huandaa uchaguzi mdogo, na vyama, ambavyo huleta wagombea. Nimeifuatilia kwa jicho la anayeitumia, na naona kwamba hatua yake ya mwisho, ile ya kupiga na kuhesabu kura, ni nzuri kuliko inavyosifiwa, ilhali hatua yake ya kwanza, wakati mbunge angali mgonjwa, haipo kabisa.

Tuanze na hiyo isiyokuwapo. Ibara ya 103 ya Katiba ya 2010 inataja mambo yanayokifanya kiti kiwe wazi: kifo, kujiuzulu kwa barua, kukihama chama, kupoteza sifa za kuwa mbunge, na kukosa vikao 8 vya Bunge bila ruhusa ya maandishi ya Spika wala maelezo ya kuridhisha. Ugonjwa wa mwili haumo. Ugonjwa wa akili umeingia kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa Ibara ya 99 inamzuia mtu asiye na akili timamu kuwa mbunge. Kwa hiyo mbunge aliyepooza, au aliyepoteza fahamu kiasi cha kutoweza hata kutia sahihi barua ya kujiuzulu, au anayetibiwa ng'ambo mwaka mzima, hubaki kuwa mbunge mradi ruhusa imo katika faili la Spika.

Ruhusa yenyewe ni jambo la utu, na nisingependa iguswe, kwa maana hakuna mwajiri mwungwana anayemfuta mtu kazi kwa sababu ameugua. Kasoro ni kwamba mwananchi, ambaye kiti ni chake, haoni chochote. Katiba haidai ripoti ya daktari, haiweki ukomo wa likizo hiyo, haimlazimu Spika kutangaza ameitoa kwa muda gani, na haimpi mtu mwingine yeyote kazi rasmi ya kulisemea eneo bunge wakati mwenyewe yuko kitandani. Mfuko wa maendeleo wa eneo bunge angalau una kamati yake chini ya sheria ya mwaka 2015, kwa hiyo karo za wanafunzi hazifungwi pamoja na wodi ya mbunge. Sauti na kura yake ndani ya ukumbi ndivyo vinavyopotea. Wakati wa Korona, Seneti iliruhusu maseneta kushiriki vikao kwa njia ya video, na sijaelewa kwa nini ufumbuzi huo haukugeuzwa kuwa haki ya kudumu ya mbunge mgonjwa ambaye akili yake ni nzima.

Kinachoshangaza zaidi ni kwamba Katiba hiyo hiyo ilijua kuandika habari za maradhi ilipotaka. Rais akidaiwa kushindwa na kazi kwa sababu ya mwili au akili, Ibara ya 144 inaunda jopo lenye madaktari ndani yake limchunguze. Kuhusu gavana, Ibara ya 181 inaitaja hali hiyo miongoni mwa sababu za kumwondoa. Tukifika kwa mbunge, kimya.

Tofauti hiyo ilionekana waziwazi katika wiki ya mwisho ya Julai 2019. Ken Okoth, mbunge wa Kibra jijini Nairobi, alikuwa ametangaza mapema mwaka huo kwamba anaugua saratani ya utumbo mpana. Alikwenda kutibiwa Paris, akarejea nyumbani mwezi Julai, akafariki tarehe 26. Siku tatu baadaye alifariki Joyce Laboso, gavana wa Bomet, naye kwa saratani, baada ya matibabu Uingereza na India. Huko Bomet, naibu gavana Hillary Barchok, ambaye alikuwa kwenye tiketi moja na marehemu tangu uchaguzi wa 2017, aliapishwa mapema mwezi wa Agosti, na wananchi hawakuhitaji kurudi debeni. Watu wa Kibra walipiga kura tarehe 7 Novemba. Katiba inaagiza uchaguzi mdogo ufanyike ndani ya siku 90 tangu kiti kiwe wazi. Hesabu mwenyewe kwenye kalenda kutoka 26 Julai hadi 7 Novemba, utapata siku 104. Spika anazo siku 21 za kuiandikia tume, lakini kwa jinsi Ibara ya 101 ilivyotungwa, siku hizo zimo ndani ya zile 90, haziongezwi juu yake.

Hata hivyo, nitaisifu huduma inapostahili sifa. Katika uchaguzi mkuu, Mkenya hupewa karatasi sita za kura, za rais, gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na mwakilishi wa wadi, naye huzunguka na rundo hilo akitafuta sanduku la rangi inayofanana na karatasi. Katika uchaguzi mdogo karatasi ni moja na sanduku ni moja. Unaweka kidole kwenye mashine, picha yako inatokea, unachovya wino, unatia alama na kutoka. Vituo vinapofungwa, msimamizi hufungua sanduku mbele ya mawakala, akainua kila karatasi na kuionyesha huku na huku kabla ya kuiweka kwenye fungu lake. Aliye na shaka hulalamika papo hapo, na karatasi inayobishaniwa hutengwa. Matokeo huandikwa katika Fomu 35A, mawakala hutia sahihi, na nakala hubandikwa kwenye mlango wa darasa, ambapo hata kijana asiye na wakala yeyote anaweza kuipiga picha kwa simu yake. Kwa kuwa kazi ni ya eneo bunge moja, hesabu za vituo vyote hujumlishwa bila kuwaweka watu roho juu kwa siku kadhaa. Kibra, licha ya vurumai za hapa na pale mchana, Imran Okoth wa ODM alipata kura 24,636 dhidi ya 11,230 za McDonald Mariga wa Jubilee, yule mchezaji wa zamani wa Inter Milan, naye Mariga akampigia simu mshindi kumpongeza.

Viti vya orodha za vyama, yaani vile ambavyo hujazwa kwa majina yaliyopangwa na vyama bila mpiga kura kumchagua mbunge moja kwa moja, sina la kuongeza juu yake: jina linalofuata kwenye orodha huchukua nafasi ndani ya siku 21 tangu Spika atoe taarifa, na mwananchi hahusishwi.

Sasa tuje penye aibu. Huduma yoyote inaweza kuchelewa, lakini hii iliwahi kufungwa kabisa. Kufikia Januari 2023, muda wa mwenyekiti wa IEBC na makamishna wawili ulikuwa umekwisha, wengine walikuwa wamekwisha kujiuzulu, na tume ikabaki na wafanyakazi wa ofisi lakini bila makamishna wa kutosha kuitisha uchaguzi. Makamishna wapya hawakuapishwa hadi Julai 2025. Katika pengo hilo, mbunge wa Banissa, kaunti ya Mandera, alifariki Machi 2023 kutokana na ajali ya barabarani. Februari 2025 walifariki William Cheptumo, seneta wa Baringo, na Malulu Injendi, mbunge wa Malava, wote wawili baada ya kuugua. Viti vyote vitatu vilijazwa siku moja, tarehe 27 Novemba 2025. Malava na Baringo walisubiri zaidi ya miezi 9. Banissa ilikaa miaka miwili na miezi 8 bila mbunge, yaani zaidi ya nusu ya muhula mzima wa miaka 5. Mkazi wa Banissa akisoma zile siku 90 za Katiba atadhani ziliandikwa kwa ajili ya nchi nyingine. Adhabu ya kuvuka muda huo kwa mtoa huduma haipo popote, na hilo ndilo linalonifanya nisimpendekezee mtu huduma hii kwa moyo mkunjufu, hata kama siku ya kura yenyewe huendeshwa vizuri.

Majirani wanatoa nini? Uganda imejiwekea siku 60. Spika Jacob Oulanyah, mbunge wa Omoro, alifariki Seattle alikokuwa akitibiwa tarehe 20 Machi 2022, na uchaguzi mdogo ukafanyika 26 Mei, siku ya 67. Si haba, ingawa nao waliuvuka mstari wao wenyewe.

Tanzania nayo inatisha kwa upande mwingine. Ibara ya 71 ya Katiba yake inamvua ubunge anayekosa mikutano mitatu mfululizo ya Bunge bila ruhusa ya Spika, na haisemi lolote kuhusu aliye hospitalini. Tundu Lissu, mbunge wa Singida Mashariki, alipigwa risasi nyumbani kwake Dodoma tarehe 7 Septemba 2017, akakimbizwa Nairobi usiku huohuo, kisha Januari 2018 akapelekwa Leuven, Ubelgiji. Tarehe 28 Juni 2019 Spika Job Ndugai alitangaza kwamba kiti ki wazi, akitoa sababu kuwa mbunge huyo hakumwarifu kwa maandishi mahali alipo na kwamba hakuwasilisha tamko la mali. Mgombea wa CCM, Miraji Mtaturu, alipita bila kupingwa, na Septemba Mahakama Kuu ikalikataa ombi la Lissu la kuupinga uamuzi wa Spika. Kwa kasi, huduma ilikuwa ya kupigiwa mfano. Ila wapiga kura wa Singida Mashariki hawakupiga kura, na mgonjwa ambaye taarifa za matibabu yake zilikuwa kwenye magazeti ya nchi tatu alihesabiwa kuwa ni mtu asiyejulikana aliko. Mfano huu ndio unaonifanya nisitake Kenya ikimbilie kuweka kifungu cha kumwondoa mbunge mgonjwa kama hakitaambatana na madaktari na mahakama.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina utaratibu ambao Mkenya angeuonea wivu mwanzoni. Mgombea ubunge hujiandikisha pamoja na wabadala wawili, na Ibara ya 110 ya Katiba inataja kutojiweza kwa kudumu miongoni mwa mambo yanayomaliza ubunge, kwa hiyo kiti hakikai wazi: mbadala wa kwanza huingia. Hakuna kampeni, hakuna gharama, hakuna kungoja tume. Kisha unaangalia majina ya wabadala na mara nyingi unamkuta mke, mtoto au ndugu wa mgombea, na wivu unapungua.

Lakini nisiwacheke Wakongo haraka. Imran ni ndugu wa Ken Okoth. Omoro ilimchagua Andrew Ojok Oulanyah, mtoto wa marehemu Spika. Homa Bay, Moses Kajwang' alimrithi kaka yake Otieno Kajwang' katika useneta kwa uchaguzi mdogo wa Februari 2015. Vyama vinajua kwamba huruma ya msiba hupiga kura, na mchujo hufanyika matanga yakiwa bado hayajapoa. Tofauti yetu na Kongo ni kwamba hapa ndugu huyo hana budi kusimama jukwaani na kuomba, na wapo wanaoweza kumkatalia. Tofauti hiyo naithamini.

Kama ningeulizwa kipi kirekebishwe kwanza, nisingeanza na zile siku 90. Ningeanza na barua ya ruhusa: ichapishwe katika Gazeti Rasmi la Serikali, bila kutaja ugonjwa, ikionyesha tarehe ya kuanza na ya kwisha, na ikizidi muda fulani, tuseme miezi sita, jopo la madaktari kama lile la Rais liombwe kusema tu kama mbunge anatarajiwa kurudi kazini. Nyota tatu kwa siku ya kupiga kura, moja kwa muda wa kusubiri. Kwa kipindi cha ugonjwa sitoi nyota, kwa sababu huwezi kukipa alama kisichokuwapo. Anayetaka kulidai hilo anayo njia: Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuliandikia Bunge ombi, na Ibara ya 120 inakihesabu Kiswahili miongoni mwa lugha rasmi za Bunge.