Goroli na viraka vya gobore la mtutu wa mifuo: uzoefu wangu

Gobore langu, bunduki ya kupakiwa kwa mdomo wa mtutu, ni la fataki, yaani kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa na kuwasha baruti. Mtutu wake ni wa inchi 0.50, yaani milimita 12.7 kutoka tuta hadi tuta, na mifuo, yaani mikato ya msokoto ndani ya mtutu iliyotenganishwa na matuta hayo, ina kina cha karibu milimita 0.25. Nataja vipimo mapema kwa sababu asiyejua vya mtutu wake atakuwa anabahatisha tu dukani. Niliagiza makopo mawili ya goroli za madini ya risasi, moja la milimita 12.45 na jingine la 12.57, pamoja na viraka, vile vipande vya kitambaa vinavyoizunguka goroli wakati wa kupakia, vilivyokatwa na kupakwa mafuta kiwandani, vya unene wa 0.25 na 0.38. Baadaye nikaongeza kitambaa kizito cha pamba, kile cha mistari kinachoshonewa magodoro, ambacho kilipima 0.46.

Kwa goroli sina malalamiko. Zimeshindiliwa kwa mashine, hazikumiminwa kwenye kalibu, kwa hiyo hazina kovu, ile alama inayobaki pale risasi ilipomiminiwa. Ukucha unaacha alama juu yake, dalili ya risasi tupu isiyochanganywa na madini mengine. Ile ya 12.45 ina uzito wa karibu gramu 11.5. Anayemimina zake mwenyewe ahakikishe kovu linatazama juu wakati wa kupakia, na aepuke risasi ngumu, kwani ikipoa hainywei kama ile laini na goroli hutoka kubwa kidogo kuliko kalibu ilivyokusudiwa.

Kazi kubwa iko kwenye viraka. Hesabu yenyewe ni rahisi: kipenyo cha goroli, ongeza unene wa kiraka mara mbili, maana kitambaa kiko pande zote. 12.45 na kiraka cha 0.38 inakupa 13.21. Mtutu wangu, ukipima kutoka sakafu ya mfuo hadi sakafu ya mfuo wa upande wa pili, ni 13.2. Kitambaa kinajaza mifuo na kubanwa vikali juu ya matuta. Moshi na moto havipati pa kupenya, na goroli inazungushwa na msokoto bila yenyewe kugusa chuma.

Kiraka cha 0.25 na goroli hiyo hiyo kilishuka kwa ulaini mno. Nilipokwenda kuviokota viraka, hatua chache mbele ya mdomo wa mtutu, vilikuwa na matundu yaliyoungua kuzunguka pale goroli ilipokaa, na kwenye shabaha matundu yalitawanyika ovyo. Hapo ndipo pa kujifunzia gobore lako. Kiraka kizuri hurudi kizima, kina doa jeusi la duara katikati na alama za mifuo pembeni, kingo zikiwa zimechakaa kidogo tu. Kikiwa na mipasuko iliyonyooka kama ya wembe, tatizo si unene. Matuta au mdomo wa mtutu una ncha kali, jambo la kawaida kwa mtutu mpya.

Goroli ya 12.57 na 0.38 ilinilazimu kugonga kwa nyundo ya mti ndipo iingie, na baada ya masizi kujaa haikupakika tena bila kusafisha kila mara. Kwa mwindaji hiyo haifai. Iliyonipa mkusanyiko mzuri wa matundu kwenye shabaha kuliko zote, kwa mita 50, ni 12.45 na kile kitambaa cha godoro. Inabana, lakini mdeki, ile fimbo ya kushindilia, unaishusha kwa msukumo mmoja mrefu.

Viraka vya kiwandani vimenisikitisha. Ndani ya pakiti moja unene haulingani, na mafuta yaliyokaa muda mrefu yameozesha nyuzi: nikikivuta kwa vidole kinachanika. Sasa nakata vyangu. Nafua kitambaa kwanza kuondoa wanga wa dukani, nakikausha, kisha nakipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa na shahamu, siku ile ile ya kupiga. Lazima kiwe pamba tupu, maana nyuzi za plastiki huyeyuka ndani ya mtutu. Choma uzi mmoja kabla ya kununua. Pamba huacha majivu, plastiki huacha kidonge kigumu.

Na ndugu yangu, mkazo wowote utakaochagua, goroli ifike chini kabisa ikae juu ya baruti. Ikining'inia katikati, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Mdeki wangu una alama ya kisu inayonionyesha imefika, na baruti ni ile nyeusi peke yake. Ya kisasa isiyo na moshi haiingii kwenye gobore kamwe.

Goroli za 12.45 nitaagiza tena bila kusita. Za 12.57 zinamfaa mwenye mifuo ya kina zaidi na muda wa kupakia kwa utulivu kwenye meza ya shabaha. Kama huna budi kununua viraka vilivyokatwa tayari, chukua vikavu, uvipime kimoja kimoja, uvipake mafuta mwenyewe.