Draiva iliyoapa kwamba sangara wamefika nyuzi 85

Bodi yenyewe sitaitaja jina. Siyo kwamba namwogopa mtu, ila hasira hazijanitoka na naweza kuandika nisichotaka kuulizwa baadaye. Ni zile bodi ndogo za kompyuta zinazofanana na Raspberry Pi kama pacha, bei karibu nusu, hapa mjini Mwanza unazikuta dukani zimepangwa pembeni ya chaja na kava za simu. Sifa zake mtatafuta wenyewe. Mimi nina jambo moja tu.

Kuna mama mmoja Kirumba, hatua chache kutoka soko la samaki la Mwaloni, ananunua sangara na ana chumba cha baridi. Akanipa kazi: joto likipanda usiku, meseji iingie kwenye simu yake. Nikaona kazi ya jioni moja. Sensa, yaani kipima joto, ni DS18B20, ile iliyofungwa ndani ya kibomba cha chuma, nyaya tatu, na rezista ya kiloohm 4.7 kati ya waya wa data na wa umeme. Draiva yake, yaani programu inayoiwezesha bodi kuisoma sensa, imo ndani ya Linux, mfumo unaoendesha bodi, tangu zamani. Ukishaiamsha, joto linatokea kama faili la kawaida lenye mistari miwili: wa kwanza unaishia na YES, maana yake data imefika salama, wa pili unaishia na t= na namba. t=1500 ni nyuzi moja na nusu. Basi. Wiki za mwanzo nilikuwa naisifia hiyo bodi mpaka msibani.

Halafu usiku mmoja, kama saa nane hivi, meseji ikaingia: CHUMBA KIMEFIKA NYUZI 85.

Themanini na tano! Hapo friji haijaharibika, hapo umepika supu. Lakini mtu akiamshwa saa nane usiku na mtaji wake umelala kwenye barafu, hapigi hesabu. Yule mama alipanda bodaboda kutoka Mabatini na kanga mbili na kandambili, akanipigia akiwa njiani: "Fundi, samaki wangu wanaungua!" Nikafika nyuma yake kidogo. Mlinzi blanketi mabegani, anashangaa tu. Tukafungua mlango. Ukungu wa baridi ukatupiga usoni. Barafu ngumu, sangara wamejipanga, macho maangavu kama wametolewa ziwani sasa hivi. Mama akaweka kiganja juu ya mmoja, akakitoa, akakifuta kwenye kanga, akaniangalia. Hakunitukana. Alisema tu, "Mwanangu, mimi nina presha."

Bora angenitukana.

Nilikaa pale na laptop mpaka makorongo yakaanza kushuka kugombea utumbo wa samaki. Kwenye logi, kumbukumbu za vipimo, nikakuta hivi: YES, na chini yake t=85000. YES! Draiva imekula kiapo kabisa.

Kwa wasioijua sensa hii: 85 ndiyo namba inayoamka nayo kabla haijapima chochote. Kompresa ikianza kuvuta, umeme unayumba, sensa inazima na kuwaka mara moja, na ukiisoma kabla haijapima upya (kupima kwake kunachukua kama robo tatu ya sekunde) inakupa hiyo 85. Data imefika salama, kwa hiyo YES. Uongo uko kwenye namba yenyewe. Sasa Linux za miaka ya karibuni zina dawa: unaandika 1 kwenye faili linaloitwa features la hiyo sensa, na draiva inaanza kuikagua 85 kabla ya kuipitisha, ikiona ni ile ya kuamkia inakurudishia kosa. Niliposoma hilo niliruka. Nikaenda kwenye bodi yangu kulitafuta hilo faili. Halipo. Kerneli, yaani kiini cha hiyo Linux, ni 4.9, toleo lililotoka mwaka 2016 na walioitunza wakaiaga Januari 2023. Na bodi nimeitoa kwenye nailoni mwenyewe!

Mtasema niweke kerneli mpya. Niliweka. Faili la features likatokea, sensa ikatulia, Wi-Fi ikafa. Draiva ya Wi-Fi ya bodi hii mtengenezaji ametoa kama moduli, kipande cha kuchomeka kwenye kerneli, iliyokwisha kupikwa kwa ajili ya 4.9 yake peke yake, msimbo kaufungia kabatini. Ukiilazimisha kwenye kerneli mpya inakujibu "Invalid module format", yaani haviendani, na habari imeisha. Kwa hiyo nina bodi inayojua ukweli ila haina pa kuusemea, au bodi yenye mtandao safi wa kutangazia uongo. Chagua.

Nikairudisha dukani. Kijana wa pale hata simu hakuiweka chini.

"Kaka, inawaka?"

"Inawaka."

"Sasa kibovu nini?"

Nikaanza kumweleza, kerneli, moduli, sensa, na nyuma yangu kuna watu wanne wanasubiri kubadilishiwa kioo. Akanisikiliza nusu, akacheka. "Bodi nzima hii. Labda samaki wako ndo wana homa." Duka zima likaangua kicheko. Homa! Nimeuza heshima yangu kwa bei ya bodi. Nikaichomoa mkononi mwake, nikageuka, na nikiwa mlangoni akaniongezea, "Kwani ikija 85 si uipotezee tu?"

Na hapa ndipo panaponiuma. Alikuwa sahihi. Usiku ule niliongeza mistari miwili kwenye programu yangu: ukiona 85000 kamili, usitume, pima tena. Nikarudisha kerneli yao ya kale, nikabandika kapasita ya kutuliza umeme karibu na sensa. Tangu hapo kimya. Niliingia hapa kutoa nyota moja. Draiva ya sensa nayo nilitaka kuichana, lakini ukiangalia vizuri haikutunga kitu, ilileta ilichopewa. Basi nyota tatu. Hapana, mbili, mtu anayeuza bodi na kuificha draiva hapati tatu kwangu. Ingawa juzi nimenunua ya pili, maana mdogo wake yule mama ana chumba kule Igombe na bajeti yake ni hiyohiyo. Msinicheke.

Mama ananiita "fundi wa themanini na tano" mbele za watu. Mwenye moduli ya Wi-Fi ya bodi hizi inayokubali kerneli mpya anitafute, nitampelekea sato wawili wakubwa, wa asubuhi.