Uzoefu wangu na deikea ya mtaani Nakuru: leseni ya biashara ipo, ya malezi je?

Akina mama wenzangu wa Soko la Wakulima wakishaniuliza mwanangu analelewa wapi, swali linalofuata huwa ni bei. Bei nawaambia: shilingi 80 kwa siku ukimletea chakula chake, 120 ukiacha deikea, yaani kituo cha kulelea watoto mchana, impikie. Lakini huwa nawaomba waangalie kitu kingine kabla ya kutoa pesa. Fika saa nne asubuhi, wakati ambao si wa kuacha mtoto wala wa kumchukua. Hesabu watu wazima waliomo, kisha hesabu watoto ambao bado hawajaanza kutembea. Hapo utajua mengi ambayo karatasi zilizobandikwa ukutani hazisemi.

Kituo ninachokizungumzia kiko mtaa wa Kaptembwo hapa Nakuru, ndani ya ploti ya kawaida ya kupanga. Jina lake nimeliacha kwa sababu ni nyumbani kwa mtu. Ni vyumba viwili ambavyo ukuta wa katikati umetobolewa mlango, kimoja cha wachanga na kingine cha wanaotembea. Mwenye kituo ni mama mtu mzima aliyelea wake na wa wenzake, na watoto kwa wazazi humwita Shosho, yaani nyanya. Kinafunguliwa saa kumi na moja alfajiri, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza iliyonipeleka. Viazi vya Molo na Kuresoi hufika sokoni kabla hakujapambazuka, na muuzaji wa rejareja asipokuwepo gunia likifunguliwa atabaki na vile vilivyokwaruzwa na jembe. Sijui shule ya chekechea ya umma inayofungua mlango saa hiyo, na hata ikifungua, PP1, darasa la kwanza la chekechea, ni ya mtoto wa miaka minne. Wangu alikuwa na miezi mitano nilipomleta.

Nakuru iko juu, kama mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na alfajiri ya mwezi wa saba si ya mchezo. Kwa baridi hiyo deikea nyingi za mtaani huingiza jiko la makaa ndani na kufunga dirisha. Makaa yanapoungua hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na mtoto aliyelala hawezi kukuambia kwamba kichwa kinamuuma. Kwa Shosho jiko liko barazani, nyuma ya kizuizi cha mbao, na ndani watoto huvalishwa soksi na sweta na kufunikwa vizuri. Chupa za maziwa zina majina. Kila mtoto ana kikombe chake. Uji hupikwa asubuhi, mchana ni wali na ndengu au ugali na mboga iliyokatwakatwa ndogo, na nikija jioni naambiwa mwanangu amekula nini na amebakiza nini.

Kilichonituliza moyo hasa ni idadi. Walezi ni watatu, na mlezi mmoja hapewi wachanga zaidi ya watatu. Nilimuuliza Shosho hesabu hiyo ameitoa wapi.

"Mama, moto ukiwaka mimi nina mikono miwili na mgongo mmoja," akanijibu.

Tangu siku hiyo sijasikia mtu akinieleza vizuri zaidi kwa nini idadi ya watoto kwa mlezi mmoja inahitaji kuwekewa kikomo.

Kasoro zipo. Uwanja wa kuchezea hakuna, watoto wanapigwa na jua kwenye ujia mwembamba wa ploti kamba za nguo zikiwa juu yao. Choo ni cha wapangaji wote, kwa hiyo watoto huwekewa potii, na walezi hulazimika kuzimwaga na kuziosha kutwa nzima. Jirani ana karakana ya kuchomelea vyuma, na usingizi wa mchana hukatizwa na kelele. Vitu vya kuchezea ni vifuniko, mikebe na wanasesere wa kushonwa kwa vitambaa. Hilo la mwisho silioni kuwa tatizo. Mwanangu alijifunza kupanga vitu kwa ukubwa kwa kutumia vifuniko hivyohivyo.

Kabla ya hapo mtoto alikuwa kwenye kituo cha mtaa mwingine. Mlezi alikuwa mmoja, na watoto hawakupungua kumi na watano. Mwanangu alikuwa akirudi amelegea, hataki kunyonya, analala jioni nzima mpaka usiku. Mama mmoja aliyekwenda mchana kumchukua wake mgonjwa alikuta chupa ya dawa ya mafua mezani na kijiko kimoja kikizungushwa mdomo hadi mdomo. Baadhi ya dawa hizo huleta usingizi, na kwa mtoto mchanga zinaweza hata kudhoofisha pumzi. Nilimtoa siku hiyohiyo. Ninapoandika haya bado mikono inanitetemeka, maana ukutani pale palikuwa na leseni ya biashara ya mwaka huo na cheti cha afya cha mlezi, vyote halali kabisa.

Ndipo nikaanza kuuliza: ni nani hasa huangalia watoto wenyewe? Leseni ya biashara inasema mtu amelipia kufanya biashara mahali fulani. Cheti cha afya, kile kinachofanywa upya kila baada ya miezi sita, kinasema mtu anayeshika chakula amepimwa. Afisa wa afya ya umma akija huangalia choo, maji, taka na mahali pa kupikia. Kazi hiyo ni ya maana, nisieleweke vibaya, maana kuhara kunaua watoto. Lakini katika karatasi hizo zote hakuna mahali palipoandikwa walezi ni wangapi kwa wachanga wangapi, wala kama mlezi anajua kumsaidia mtoto aliyepaliwa, wala dawa inatolewa kwa idhini ya nani. Mtu anayeuza sukari na mtu anayelea mtoto wa miezi mitano wanaweza kuwa na karatasi ileile ukutani.

Na si kwamba jambo hili halina mwenyewe. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inataja elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto kuwa kazi ya serikali za kaunti. Vimeandikwa pamoja, mstari mmoja. Tangu ugatuzi uanze 2013 tumeona madarasa ya chekechea yakijengwa nchini na walimu wake wakiajiriwa na kaunti. Ni vizuri. Ila mtoto haanzi maisha akiwa na miaka minne. Nairobi ilitunga sheria yake ya vituo vya kulelea watoto mwaka 2017, kwa hiyo inawezekana kaunti kuwa na sheria inayozungumzia deikea kama deikea. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, imeeleza kwa upana haki na ulinzi wa mtoto, na ukiona mtoto anadhulumiwa unapiga 116, bila malipo, au unakwenda kwa afisa wa watoto. Namba hiyo nimeiandika nyuma ya kibanda changu sokoni kwa rangi. Lakini mama mmoja aliyechoka, mwenye roho nzuri, aliyeachiwa watoto kumi na watano katika chumba kimoja, huyo hafanani na mhalifu wa kuitiwa polisi. Anahitaji mtu wa kuja mapema, kabla hajafikia chupa ya dawa.

Nasema hivi pia kwa sababu ya woga wa wenye vituo. Siku uvumi ukienea kwamba kuna msako, deikea hufunga mlango na watoto husukumwa chumba cha nyuma. Najua wazazi wanaodai vituo vibaya vifungwe mara moja, na uchungu wao ninao mimi. Lakini kituo kikifungwa asubuhi, mama bado ana gunia la viazi la kuuza. Mtoto ataachiwa dada yake wa darasa la tatu, ambaye siku hiyo hataenda shule, au atafungiwa ndani. Ukaguzi wa kufunga tu huhamishia hatari mahali isipoonekana. Kituo chenye dawa za kulaza watoto kifungwe, sina mjadala hapo. Kilichojaa kupita kiasi kipewe muda, kifundishwe, kirudiwe, na watoto watafutiwe nafasi kwingine kwanza.

Mfano mzuri nimeuona hapohapo kwa Shosho. Mhudumu wa afya ya jamii wa eneo letu, mmoja wa wale zaidi ya laki moja waliopewa vifaa na kuanza kulipwa marupurupu ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba na kukuta milango imefungwa. Mchana sisi tuko sokoni na watoto wako deikea. Sasa anapita kwa Shosho kwanza. Anakuja na utepe wa kupima unene wa mkono ili kuona kama mtoto ana utapiamlo: kijani ni sentimita 12.5 na kuendelea, manjano ni ya kuangaliwa kwa karibu, nyekundu ni chini ya 11.5 na mtoto huyo apelekwe hospitali. Anafungua vijitabu vya kliniki na kuona nani amekosa chanjo. Wiki za Malezi Bora, kampeni ya afya ya mama na mtoto ya mwezi wa tano na wa kumi na moja, watoto walipata vitamini A palepale na waliozidi mwaka wakapewa dawa ya minyoo. Mtoto wa jirani yangu alionekana yuko manjano mama yake akiwa hajui, akaanza kufuatiliwa mapema. Hakukuhitajika jengo jipya wala ofisi mpya. Aliyekuwa akikagua nyumba tupu alifuata watoto walipo.

Ndiyo sababu nilikwenda kwenye kikao cha kukusanya maoni ya wananchi kuhusu mpango wa maendeleo. Kila kaunti ina mpango mkuu wa miaka mitano, wa sasa ukiwa wa 2023 hadi 2027, halafu kila mwaka mpango wa mwaka unafikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Jambo lisipokuwa kwenye mpango ni vigumu kulipatia pesa. Watu waliomba barabara, taa za mtaani, maji. Mimi nilisimama nikaomba mambo matatu: vituo vyote vya kulelea watoto vihesabiwe na kusajiliwa bila ada ya kumtisha mwenye kituo kidogo, pawe na kiwango kilichoandikwa cha walezi kwa wachanga, na kila soko jipya litakalochorwa liwe na chumba cha watoto kwenye ramani tangu mwanzo. Mzee mmoja aliyekaa mbele aligeuka akaniuliza, "Mwanangu, kwani kulea si kazi ya nyumbani?" Nikamjibu, "Baba, nyumbani sasa hivi hakuna mtu." Akatikisa kichwa kwa kukubali, na kina mama wa nyuma wakapiga makofi. Karani akaandika.

Wenye ajira rasmi wana afadhali kidogo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo, na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri kuweka chumba cha kunyonyeshea. Muuza viazi hana mwajiri. Ushuru wa soko hulipa kila siku, hata siku aliyorudi na kidonda cha uzazi hakijapona, kwa hiyo naona chumba cha kunyonyeshea ana haki ya kukidai kwa kaunti inayoukusanya.

Tangu kikao kile Shosho ameanza daftari la mahudhurio: jina la mtoto, umri, saa ya kuingia na kutoka, nani ameruhusiwa kumchukua, anatumia dawa gani na nani ameileta. Deikea nyingine za jirani zimeiga, na wenye vituo hivyo sasa wana chama cha kuchanga pesa wamlipe muuguzi awafundishe huduma ya kwanza. Nimepitia daftari hilo na kukuta kwamba wengi walio chini ya miaka miwili ni watoto wa akina mama wa sokoni kama mimi. Tumekubaliana nakala zipigwe, majina ya watoto yafichwe, zipelekwe kikao kijacho ili wapangaji wa kaunti wawe na idadi mkononi.

Kwa anayetaka nafasi: kituo hufanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi na mbili na nusu jioni. Jumapili hakuna. Njoo na kijitabu cha kliniki, nguo za kubadilisha, na jina la mtu mmoja zaidi anayeweza kumchukua mtoto. Chumba cha wachanga kwa sasa kimejaa, na Shosho hapokei mwingine mpaka apate mlezi wa nne.