Mkanda au mifuko ya jaketi? Uzoefu wangu wa kubeba risasi za kuzamia

Wazamiaji wengi ninaopanda nao boti huku kisiwani Mafia huuliza jambo moja tu kuhusu risasi, vile vipande vizito vinavyomsaidia mzamiaji kushuka: kilo ngapi? Zikae sehemu gani ya mwili, hapo mtu hupokea chochote anachopewa na kituo. Mimi nimeshazamia na mkanda wa nailoni, nikahamia kwenye jaketi la kuzamia, lile linalojazwa hewa ili uelee, lenye mifuko ya risasi, na sasa natumia mkanda wa mpira pamoja na vifuko viwili vidogo vinavyofungwa kwenye mtungi. Kwa maji yetu ya joto na boti zetu za mbao, hii ya mwisho ndiyo ninayoisimamia.

Nianze na jaketi, maana ndilo lililokula pesa nyingi. Mifuko yake huchomekwa ubavuni, mmoja kila upande, na ukitaka kuitupa wakati wa dharura unavuta mpini. Raha yake ni ya kweli. Kiuno kinakuwa huru, nyonga haziumi, na mtu ambaye mkanda humteremka kila mara atapumzika. Kama unazamia kutoka kwenye boti kubwa yenye benchi la mitungi na ngazi pana, sina la kukupinga.

Lakini angalia tunavyofanya kazi hapa kwetu, ufukweni Utende. Maji yakitoka, boti inakaa mbali na vifaa vinabebwa begani. Mtungi wa alumini wa lita 11 peke yake una kilo kama 17 ukiwa umejaa. Weka jaketi, rejuleta ya kupumulia na risasi, mzigo unavuka kilo 25, na yupo baharia ambaye lazima auinamie na kuuvuta kutoka majini boti ikiyumba. Unaweza kuchomoa mifuko na kumpa kwanza, na wengi tunafanya hivyo, ila kuchomoa mifuko wimbi likikupiga si sawa na kufungua bizimu moja na kuinua mkanda. Mchanga nao ni adui. Ukiingia kwenye kishikizo, mfuko unaonekana umekaa kumbe haujashika. Wangu mmoja ulichomoka nilipojirusha kinyumenyume kutoka kwenye boti. Ilikuwa juu ya maji, basi. Mita 18 chini, kilo 3 zikikutoka ghafla unaanza kupaa, hewa iliyomo kwenye jaketi inapanuka kadiri unavyopanda, na mwendo unazidi kuwa wa hatari.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Bahari yetu ina mabaki ya nyavu. Kipande cha jarife kikinasa kichwa cha mtungi huenda ukalazimika kuvua jaketi chini ya maji ili ujinasue. Risasi zote zikiwa ndani ya jaketi, jaketi linavutwa chini, nawe na suti yako ya kuzamia mnavutwa juu, huku kilichowaunganisha ni rejuleta iliyoko mdomoni. Sehemu ya uzito ikiwa kiunoni mwako, unabaki pale pale ukifanya kazi yako kwa utulivu. Kwangu mimi hoja hii peke yake inatosha.

Sasa mkanda wa nailoni, ule wa vituo vingi. Ni rahisi, unadumu, kila mwalimu anaujua. Shida yake inaanzia kwenye suti. Neoprini, mpira laini unaoshonewa suti, imejaa vijipovu vya gesi, na ukifika mita 10 presha imeshakuwa mara mbili ya ile ya juu, kwa hiyo suti inakuwa nyembamba. Nailoni hainyooki wala hairudi. Mkanda uliokubana vizuri ukiwa kwenye boti, chini unalegea, unazunguka, na bizimu unaikuta mgongoni. Bizimu usiyoweza kuifikia kwa mkono mmoja haina faida siku ya dharura. Zaidi ya hapo, risasi zinajikusanya upande mmoja na unaogelea umelala kiubavu.

Mkanda wa mpira unatatua hilo moja kwa moja. Unauvuta unapoufunga, na suti ikisinyaa mpira nao unarudi. Mkondo ukiwa mkali kwenye mlango wa Kinasi, maji ya Ghuba ya Chole yanapotoka kwenda bahari kuu, wangu hukaa pale pale nilipoufungia. Ufunge ukiwa umeinama mbele ili uzito ulale mgongoni, mkia wa mkanda ubaki mfupi, na kamba yoyote ya jaketi isiupitie juu, maana ukifunguliwa lazima uanguke bila kukwama. Kasoro yake ni jua: mpira ukiachwa kwenye sitaha siku nzima unapasuka. Uoshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, uanike kivulini. Chagua pia risasi zilizovikwa plastiki, maana risasi tupu inachafua mikono na ni sumu.

Vifuko vya mtungi ndivyo vilivyonibadilishia uzamiaji. Kinachokuelesha zaidi ni mapafu, na mapafu yako kifuani. Uzito wote ukiwa kiunoni, kifua kinainuka, miguu inashuka, na mapezi yanakwangua matumbawe. Nimeona tawi la tumbawe likivunjika kwa pezi la mtu ambaye hata hakujua kwamba amegusa kitu, na roho iliniuma. Nilipotoa kilo 2 kiunoni na kuzipandisha kwenye ule mkanda wa juu unaoshika mtungi, karibu na mabega, mwili ulilala sambamba na mwamba na nikaacha kupiga miguu ovyo. Hewa nayo inatumika polepole zaidi. Kilo hizo mbili huwezi kuzitupa wakati wa dharura, ndiyo maana 3 nimeziacha kwenye mkanda. Jumla 5, kwa suti yangu ya milimita 3 na mtungi wa alumini.

Usichukue hesabu yangu ukaifanya yako. Ipime mwisho wa mzamio, geji ya presha ya mtungi ikisoma bar 50, kwa sababu kutoka bar 200 hadi hapo umeshavuta karibu kilo 2 za hewa na mtungi wa alumini umeanza kuelea. Ukiwa juu ya maji toa hewa yote kwenye jaketi, vuta pumzi ya kawaida, utulie bila kupiga mapezi: maji yakikufika usawa wa macho, na ukitoa pumzi ukazama taratibu, uko sawa. Ukipima asubuhi mtungi umejaa, ongeza hizo kilo 2. Hapo hata zile dakika 3 za kusimama mita 5 kwa usalama kabla ya kutoka utazikaa bila kuvutwa juu.

Ukikodi, ulizia mkanda wa mpira na vifuko vya mtungi kabla boti haijaondoka. Ukipewa wa nailoni, ukifika chini simama kidogo, lala kifudifudi, ukaze upya na uhakikishe bizimu iko mbele, ndipo uanze safari.