Zinki feraiti ya kufundishia usumaku: iliyopoa taratibu au iliyosagwa sana?
Hapa Moshi nina vichupa viwili mezani vya unga wa zinki feraiti, yaani zinki, chuma na oksijeni vilivyoungana, fomula ileile ZnFe2O4, ila nikipitisha sumaku ya spika mbovu unga wa kwanza hata haushtuki, wa pili unaikimbilia unajipanga ukutani mwa chupa kama siafu.

Wa kwanza ulichomwa tanurini ukaachwa upoe taratibu, kwa hiyo zinki imekaa vyumba vya A, yaani nafasi ndani ya fuwele zilizozungukwa na oksijeni nne, na chuma chote kiko vyumba vya B, vilivyozungukwa na sita. Zinki yenyewe haina usumaku, basi chuma kinabaki kusemezana chenyewe kwa chenyewe na hayo maongezi ni dhaifu mno, mpaka ushuke karibu kelvini 10 (kama nyuzi -263 za Selsiasi) ndo kinajipanga, tena kwa kupingana, jumla sifuri. Yaani baridi ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hapo ni kama joto la Kahe huku tambarare tu.

Wa pili umesagwa mpaka chembe zikawa za nanomita (sehemu ya milioni ya milimita), vyumba vikachanganyika, chuma kiasi kikahamia A, na chuma cha A kikikutana na cha B mvutano ni mkali hata kwa joto la kawaida, wanapingana ila hawalingani nguvu, ndo usumaku unabaki.

Mi kwa kufundishia nachukua huu wa pili. Ila usiuchome tena ukaupoza polepole, unarudi kuwa kama wa kwanza, nshaharibu kichupa kizima hivyo.