Miksa ya Dijei ya Nyumbani: Kagua Kitelezi Kabla ya Kulipa

Wasomaji wanaofanya mazoezi ya udijei nyumbani huniandikia mara kwa mara, na lalamiko moja limezidi mengine yote. Miksa, yaani kifaa cha kuchanganyia sauti za nyimbo, ilinunuliwa ikiwa mpya, ikafanya kazi vizuri kwa miezi kadhaa, kisha ikaanza kukwaruza kila mara mkono ulipogusa krosifeda, yaani kile kitelezi cha mlalo kinachohamisha sauti kutoka wimbo mmoja kwenda mwingine. Baadaye hali ikawa mbaya zaidi, kwani hata kitelezi kiliposukumwa hadi mwisho wa upande mmoja, wimbo wa upande wa pili uliendelea kusikika kwa mbali. Kabla ya kulipa, wengi wao walikuwa wamelinganisha idadi ya chaneli (njia za kuingizia sauti), wingi wa efekti (madoido ya sauti) na mpangilio wa taa, lakini hakuna aliyewaeleza kwamba wangepaswa kuuliza kitelezi kimeundwaje.

Mambo ambayo kila tangazo huyataja nitayapita haraka. Chaneli mbili zinamtosha mtu mwenye mashine mbili za kuchezea nyimbo, na anayetumia santuri ahakikishe kuna tundu la fono, yaani la kuunganishia mashine ya santuri, pamoja na skrubu ya waya wa ardhi. Kitelezi ndicho kinachostahili muda wetu.

Katika miksa nyingi za bei nafuu, ndani ya kitelezi kuna ulimi mdogo wa chuma unaosugua njia iliyopakwa kaboni, na sauti yenyewe hupita hapo. Vumbi, jasho la vidole na unga wa kaboni inayolika hukusanyika njiani, na kila chembe inayokatiza mguso husikika kwenye spika kama mkwaruzo. Kuna muundo bora kidogo ambao haupitishi sauti kwenye kitelezi, bali volteji ya kuamuru tu, na saketi nyingine ndiyo inayopandisha au kushusha sauti. Huo huvumilia uchafu kwa muda mrefu zaidi. Muundo bora kuliko yote ni ule usiogusana kabisa, ambamo sumaku au kihisi kingine husoma mahali kitelezi kilipo, kwa hiyo hakuna njia ya kaboni ya kulika.

Kasoro hii humuumiza zaidi mtu wa nyumbani kuliko dijei wa ukumbini. Ukumbini, kelele za watu na nguvu za spika hufunika sauti inayovuja, ilhali chumbani usiku, masikio yakiwa ndani ya hedifoni, uvujaji mdogo tu unatosha kuharibu rekodi nzima. Isitoshe, anayejifunza hurudia mkato uleule wa sauti mara nyingi mno, na kwa hiyo hukichakaza kitelezi mapema kuliko anayecheza mara moja kwa wiki.

Kwa kigezo hicho, chaguo langu la kwanza ni Xone:23 ya Allen & Heath, kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1969, na sifichi kwamba naipenda. Krosifeda inayokuja nayo si ya sumaku, lakini miksa imetengenezwa ili ikubali Innofader, kitelezi kisichogusana kinachouzwa peke yake. Mwenye miksa anaweza kukitoa cha zamani na kukiweka kipya kwa bisibisi, bila kumpelekea fundi kifaa kizima. Zaidi ya hapo, sauti yake ni ya analogi, ikwaliza yake (virekebishi vya besi, sauti za kati na za juu) inaweza kuizima kabisa besi, na filta yake, yaani kichujio cha sauti, ina ulaini ambao sijausikia kwenye miksa nyingine ya ukubwa huo. Anayerekodi kwa kompyuta achukue Xone:23C, ambayo ina ndani yake kadi ya sauti, yaani sehemu inayopitisha sauti kati ya miksa na kompyuta.

Nafasi ya pili naipa DJM-450 ya Pioneer DJ. Krosifeda yake ni ya sumaku tangu kiwandani, ina kadi ya sauti, na efekti zake zinafanana na zile ambazo dijei atazikuta kwenye miksa kubwa za kumbi, jambo lenye maana kwa anayetarajia kutoka nje ya chumba chake siku moja. Nimeiweka nyuma kwa sababu vitelezi vyake vya chaneli, vile vya wima, si vya sumaku, na anayechanganya nyimbo ndefu hutumia hivyo kuliko krosifeda. Muuzaji akisifu sumaku, muulize ni ya kitelezi kipi.

Kwa anayekwangua santuri, yaani anayeisukuma mbele na nyuma kwa mkono ili kutoa midundo, mpangilio hubadilika, na Rane Seventy inatangulia zote. Vitelezi vyake vyote vitatu ni vya sumaku, na mwili wake ni wa chuma. Ni ghali, na asiyekwangua hana sababu ya kuilipia.

Kwa mfuko mdogo kuna Numark M2, yenye swichi ya kugeuza upande wa krosifeda na kirekebishi cha ukali wa mkato wake, yaani jinsi sauti inavyokatika haraka au polepole. Inafaa kujifunzia.

Kinachonikera ni namna vifaa hivi vinavyouzwa. Bei huongezwa kwa sababu ya taa na efekti, huku sehemu inayolika kwanza ikikosa hata mstari mmoja kwenye maelezo ya bidhaa. Ukiuliza kama kitelezi cha akiba kinapatikana, mara nyingi unajibiwa kwamba miksa ni imara na hutakihitaji, jibu ambalo linamsaidia muuzaji peke yake. Kwa miksa zilizotumika hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa wapo wanaopulizia mafuta ya kawaida ndani ya kitelezi kilichochoka ili kiteleze vizuri mbele ya mnunuzi, kisha mafuta hayo hunasa vumbi na tatizo hurudi likiwa kubwa zaidi.

Kwa hiyo, usitoe pesa kabla ya kufanya jaribio hili. Nenda na hedifoni zako, cheza wimbo kwenye chaneli moja tu, sukuma krosifeda hadi upande usio na wimbo, kisha sikiliza sauti kuu ya miksa kwa hedifoni huku ukipandisha sauti polepole; usisikie chochote isipokuwa mvumo mdogo wa umeme. Rudia kwa kuirudisha krosifeda upande wenye wimbo na kushusha kitelezi cha chaneli hadi chini. Mwishowe endesha kila kitelezi taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho wimbo ukiendelea, na ukisikia mkwaruzo au sauti ikiruka, au muuzaji akikuharakisha, iache miksa hiyo hapohapo.